Mjomba, safari hii kiti chako kiko ndani ya ukumbi

Shikamoo mjomba.

Natumaini mmeamka salama huko Newala, wewe na mkaza mjomba, na kwamba salfa mmeipata mapema kabla ubwiriunga haujaingia kwenye mikorosho. Najua huna simu ya kufungulia mambo haya, kwa hiyo binamu atakusomea jioni barazani. Ningeweza kukupigia. Nimeamua kuandika mbele ya watu kwa sababu yaliyokukuta hapa chuoni mwaka jana hayakukukuta peke yako. Mlikuwa wazee wanane, na hao wengine pia wana wajukuu wanaosoma mtandaoni.

Mwaka jana mliambiwa mfike saa mbili asubuhi. Mlikaa chini ya mwembe mpaka saa nane mchana, mkiwasha vijiti na kuzipasha ngoma moto, ngozi zinakaza, zinalegea, mnazipasha tena. Ndani ya ukumbi kulikuwa na mhadhara juu ya utamaduni wa watu wa kusini. Mimi nilikuwa mlangoni nagawa ratiba. Mtoa mada akaonyesha ukutani picha ya lipiko, kile kinyago cha kuvaa kichwani ngomani, akasema limechongwa kwa mpingo. Ulikuwa umesimama karibu na dirisha. Nilikuona ukitikisa kichwa, ukamwambia mwenzako taratibu, "Lipiko la mpingo nani atalibeba kichwani?"

Nilikusikia, mjomba. Kila aliyekulia Newala anajua mpingo ni mti mzito, unatolewa vinyago vya kuuza na vya kupamba nyumba, na kwamba lipiko linatafutiwa mti mwepesi kwa sababu kuna mtu atakayelivaa na kucheza nalo mpaka jasho limtoke. Mtu mmoja angeingia tu na kuyasema hayo. Mimi ndiye niliyekuwa mlangoni, nikabaki na karatasi zangu mkononi. Baadaye mkacheza dakika kumi, wageni wakapiga picha, mkapewa soda na nauli. Ulipofika nyumbani ulimwambia mama, "Ya chuo waachieni wenye chuo." Mama aliniletea maneno hayo, na tangu siku hiyo nimekuwa nayo.

Mwaka huu nimo kwenye kamati ya utamaduni ya serikali ya wanafunzi, na jambo la kwanza nililolipeleka kikaoni ni hilo la dirishani. Halikupita kirahisi. Tulikaa kwenye vimbweta mpaka taa za njiani zikawaka. Wenzangu wengine walishikilia kwamba mhadhara hutolewa na mwenye shahada, na wazee kazi yao ni burudani ya jioni. Aliyetusaidia ni mwalimu wetu mmoja. Yeye aliuliza tu: huyu anayeitwa kutoa mada, habari zake amezitoa kwa nani kama si kwa wazee hao hao? Pakawa kimya. Basi tukakubaliana. Asubuhi moja nzima katika wiki ya utamaduni ni ya wazee, ndani ya ukumbi mkubwa, na asubuhi hiyo hakuna anayeombwa kucheza. Mtakaa mbele, mtaulizwa, mtajibu. Anayetaka kusema Kimakonde, Kimakua au Kiyao atasema, na wanafunzi wanaozijua lugha hizo watafasiri.

Nikueleze na mengine ya wiki hiyo, maana nataka ukae siku zote na si asubuhi moja. Itakwisha tarehe 7 Julai, Saba Saba, ambayo tangu UNESCO ilipoitangaza mwaka 2021 ndiyo pia Siku ya Kiswahili Duniani. Kuna mdahalo wetu na wanachuo wa ualimu, kuna mpira, kuna mashairi. Kuna matembezi ya Mikindani, kuliona boma la Wajerumani la mwaka 1895 na mahali Livingstone alipoanzia safari yake ya mwisho mwaka 1866. Nimeomba pale tuzungumze zaidi juu ya Chuma, yule Myao aliyekuwa katika msafara huo na ambaye miaka saba baadaye alikuwa miongoni mwa waliobeba maiti ya Livingstone kutoka bara mpaka pwani.

Lakini mhadhara nisioutaka ukukose ni wa Tendaguru, kule Lindi kulikochimbwa mifupa ya dinosaria, mijusi wakubwa wa kale. Unakumbuka ulivyokuwa ukituambia habari za mifupa mikubwa ya Lindi, sisi tukidhani ni hadithi za kututisha tulale? Ni kweli tupu. Wajerumani walichimba pale kuanzia 1909 hadi 1913. Waliochimba hasa kwa mikono ni watu wa huku, mamia yao, na mifupa ikafungwa mizigo, ikabebwa vichwani na mabegani kwa miguu siku kadhaa mpaka bandari ya Lindi. Zaidi ya tani 200, mjomba. Fikiria ni safari ngapi hizo, na wakati huo hata vumbi la Maji Maji lilikuwa halijatulia, kwa kuwa vita viliisha 1907 na njaa ikafuata nyuma yake. Mjusi mmoja aliyetoka pale amesimamishwa katika jumba la makumbusho Berlin tangu 1937, urefu wake kwenda juu umepita mita 13. Watu wanavuka bahari kwenda kumtazama.

Msimamizi Mwafrika wa kazi ile aliitwa Boheti bin Amrani. Alikuwa stadi wa kuitoa mifupa ardhini bila kuivunja, na Wajerumani wenyewe walimtegemea. Mimi nimefika mwaka wa tatu wa chuo bila kulisikia jina lake darasani. Mwaka 2007 wataalamu walimpa mjusi mmoja wa Tendaguru jina la kisayansi lenye jina lake ndani: Australodocus bohetii. Karibu miaka mia moja ilipita. Nililiandika jina hilo kwenye daftari nikakukumbuka wewe pale dirishani, na mikono yako.

Sasa kuna jambo zito kidogo, nalo ndilo lililonifanya nichelewe kuandika. Najua mapiko si mchezo wa kumwagwa hovyo mbele ya watu. Yametoka kwenye jando, na mimi ni mwanamke. Kuna yaliyo yenu ambayo sikuwahi kuambiwa na siombi kuambiwa, kama nilivyo na ya unyago yasiyokuhusu. Nimewaambia kamati hivyo hivyo. Wamekubali kwamba mzee akisema "hapa pana mwisho", swali limekufa, na hakuna simu itakayoelekezwa kwake bila ruhusa yake. Ukiona wanavunja ahadi, nyanyuka, nami nitanyanyuka nawe. Zungumza unayoona yanafaa: namna ya kuuchagua mti, namna ya kuukausha usipasuke, kwa nini mchongaji mmoja ukiona kazi yake gizani unaijua kwa kuipapasa. Hayo ulikuwa ukiyasema mbele yetu sote uani, na kuku wakipita.

Kwetu mpwa ndiye anayemrithi mjomba. Wapwa wako wa kiume wametawanyika Dar es Salaam na Kilwa, hakuna aliyeshika patasi. Mimi patasi hukunipa, wala sikudai. Ila maneno ya kazi hiyo nayataka, nami nina kalamu.

Kuna na mtaalamu wa korosho tuliyemwomba kutoka kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, atakuwepo siku inayofuata ile ya wazee. Njoo na lile swali lako la mikorosho mizee ya bondeni, kama kuikata juu ichipue upya kunalipa au bora kupanda mipya. Umeliuliza miaka mitatu sasa na anayekujibu ni mimi, ambaye nasoma historia.

Nauli nimemtumia binamu kwa simu, ya watu wawili, kwa hiyo mkaza mjomba naye aje. Pandeni basi la alfajiri, mkipita Tandahimba na Nanyamba mtakuwa mjini kabla jua halijakali. Mtalala kwangu, nimeazima godoro na chandarua. Ming'oko msibebe, hapa inauzwa kila kona, ila kama kuna karanga za shamba lako sitakataa. Na kile kipande cha mti mwepesi ulichokiacha nusu nyuma ya mlango, kichwa bila macho, kama hakina mwiko wa kusafiri, njoo nacho.

Nitawangoja stendi.

Mpwa wako,
Mtwara