Barua kwa mwanangu Shabani: utaiweka wapi?

Gungu, Kigoma

Mwanangu Shabani,

Asalaam aleikum. Hatujambo, mguu wa mama yako una nafuu. Picha uliyotuma ukiwa umeshika bastola tumeiona. Wadogo zako walishangilia, mimi nikaikuza kwenye simu mpaka nikakiona kidole chako. Kiko ndani, juu ya triga. Kwa ajili ya picha tu! Kidole kinalala ubavuni mwa bastola mpaka uwe umeamua kupiga.

Sikulaumu kwa kuomba leseni. Ulianzia kwa mwenyekiti wa mtaa, ukasubiri kamati ya ulinzi na usalama, hukununua vichochoroni silaha iliyovushwa mpakani usiku. Hilo nimewaambia wazee wenzangu msikitini, na nililisema kwa sauti. Lakini umeniandikia marefu juu ya bastola ya silinda, ile yenye gurudumu la matundu ya risasi, na ya magazini, ile yenye kibebeo cha risasi kinachochomolewa, hujaniambia utaiweka wapi. Idrisa ana miaka minne na kiti anajua kukisogeza.

Ukiniuliza mimi, chukua ya silinda. Mara nyingi inabeba risasi tano au sita tu, lakini ukiifungua kila tundu unaliona. Ya magazini inadanganya. Unachomoa magazini, unadhani umemaliza, kumbe risasi moja imebaki chemba, pale inapokaa tayari kupigwa. Ukiing'ang'ania hiyo, basi anza na magazini, ndipo uvute nyuma ile sehemu ya juu ya bastola na kutazama chemba. Ukianza kuvuta magazini ikiwa ndani, unapakia nyingine. Kisha tazama tena, hata kama umetazama sasa hivi.

Fundi aliyekuja kubadili bati wiki jana aliuliza lile tundu juu ya chumba chenu lilitokana na nini. Nikamwambia kutu. Mama yako akainuka akaenda jikoni.

Kasiki ya chuma, Shabani, ifungwe ukutani kwa bolti. Risasi zikae mbali na bastola, ufunguo ukae kwako. Si chini ya mto. Si juu ya kabati.

Na mazoezi. Kule JKT Bulombora tuliifungua na kuifunga bunduki mpaka vidole vikaota sugu, ndipo tukapewa risasi. Wewe muuzaji kakuelekeza asubuhi moja, jioni umeshaifunga kiunoni. Tafuta askari mstaafu akusimamie kwenye uwanja wa shabaha unaoruhusiwa, urudi kila mara. Wakija wale majambazi wa pikipiki silaha ikiwa tayari mkononi mwao, toa fedha, toa na hiyo dhahabu. Wakigeuka kukimbia usimpige mtu mgongoni. Sheria inakulinda ukijitetea, haikulindi ukilipiza. Funga duka kabla ya Magharibi, usipite njia moja kila siku. Haya nilikwambia kabla hujahamia Katoro, ukasema uzee umenitia woga.

Madumu mawili ya mawese yanakuja na basi la Jumamosi, mwambie kondakta ayasimamishe wima. Dagaa wa Kibirizi walinyeshewa juzi, mkeo awaanike tena siku nzima. Bati zilizobaki ni sita, nataka kuezekea banda la mbuzi, ila misumari imeisha, ukipata nafasi tuma ya kununulia kilo mbili. Mama yako anauliza Idrisa amepona kikohozi.

Nijibu hilo la kasiki kwanza. Piga picha ikiwa imeshafungwa ukutani, nione bolti.

Baba yako