Mwanangu, mtoe mtoto nje akacheze na theluji

Langoni, Lamu

Mwanangu mpenzi,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Babako anakusalimu sana, ndugu zako pia, na jirani yetu wa mlango wa pili hakuniacha nikae kuandika mpaka nimwahidi kwamba salamu zake zitafika. Basi ndizo hizo.

Tangu uliponiambia kwenye simu kwamba mjukuu wangu hatoki nje mpaka baridi iishe, roho yangu haijatulia. Nimeona bora niandike, maana kwenye simu wanikatiza, na hili nataka ulisikie lote. Mtoe mtoto nje, mwanangu. Hapo Vermont, Marekani, baridi haiondoki mpaka mwezi wa nne. Miezi yote hiyo mtoto wa miaka mitatu akae akitazama theluji kupitia kioo, na hali amezaliwa hapo hapo? Hiyo ndiyo kwao. Mimi mgeni niliyetoka Lamu niliifurahia, seuze yeye.

Najua wachelea kifua na mafua. Lakini mafua mtu huyapata kwa mtu, na huyapata upesi zaidi watu wakijazana ndani madirisha yamefungwa. Mama mkwe wako amelea watoto wake wote kwenye baridi hiyo, na kila siku aliwatoa. Muulize.

Mimi sijaisahau ile asubuhi iliyofuata usiku wa theluji, nilipokuja kwenu. Weupe haukunishtua, weupe nilishauona kwenye picha. Kilichonishtua ni kimya. Lamu kimya hatukijui: punda akinyamaza, boti inanguruma, boti ikizima, watoto wa chuo cha Kurani wanasoma kwa sauti. Kule nilifungua mlango nikadhani nimeziba masikio. Mama mkwe wako akanieleza kwamba theluji iliyotoka kuanguka ina hewa nyingi ndani yake, na sauti humezwa humo. Akajaza ndoo theluji mpaka ukingoni, akaiweka kando ya jiko la kuni. Ilipoyeyuka yote nikachungulia: maji yalikuwa kiasi cha kufunika kitako cha ndoo tu. Karibu sehemu tisa katika kumi zilikuwa hewa. Nilitia mkono nikayagusa, sikuamini macho yangu.

Kisha nikasimama uani peke yangu, ikaanza kuanguka tena taratibu, ikitua kwenye mkono wa koti jeusi nililoazimwa. Nikaiangalia kwa karibu. Kila chembe ina ncha sita, imechongwa vizuri kuliko nakshi za milango yetu, na kabla hujamaliza kuitazama imekuwa tone la maji. Ikanijia ile dua tunayowaombea maiti wetu katika sala ya jeneza, tunapomwomba Mwenyezi Mungu amwoshe marehemu kwa maji na theluji na mvua ya mawe. Dua hiyo naisikia tangu utotoni. Nimewaombea wazee wangu wote, nami sijui theluji ni nini. Siku ile nikajua. Nilimwombea marehemu babu yako palepale, nimesimama, theluji ikinitua usoni, na nililia kwa furaha. Sijakwambia hili kabla ya leo.

Na mjukuu wangu naye nataka aijue kwa mkono wake, si kwa kioo.

Habari ya mavazi usiniulize mimi, lakini niliyofundishwa nitakurudishia, kwa sababu nahisi wewe wamvisha vibaya. Koti moja zito si kitu. Kinachotakiwa ni nguo juu ya nguo: ya kwanza iliyogusana na mwili iwe ya sufu, wala si pamba, maana pamba ikinywa jasho haikauki na hapo ndipo baridi inapoingia. Juu yake kitu cha joto, na juu kabisa kitu kisichopitisha upepo wala maji. Glavu zisiwe za vidole mbalimbali. Mvishe zile za mfuko, vidole vinne vikae pamoja vipeane joto. Buti zisimbane, kwani mguu uliobanwa hupoa haraka. Na miwani ya jua, mwanangu! Theluji mpya hurudisha mwanga wa jua karibu wote, mimi macho yaliniwasha mpaka usiku. Ukiona ncha ya pua yake au sikio limegeuka jeupe na hasikii ukigusa, mrudishe ndani umpashe joto pole pole, kwa mkono wako au maji ya uvuguvugu. Usisugue. Akianza kutetemeka, basi mchezo umekwisha kwa leo. Na kile kidimbwi nyuma ya banda, asikikanyage mpaka babu yake, baba mkwe wako, aipime barafu. Yeye mwenyewe aliniambia isipotimia sentimita 10 hapandi mtu, na pale maji yanapoingilia hapaaminiki hata ikitimia. Sisi tuliokulia kwenye mikondo tunajua maji yanayotembea hayana rafiki.

Sasa, usimtoe tu ukamsimamisha uani. Mpe kazi. Mtoto akiwa na kazi hasikii baridi. Mimi siku ile nilifurahi kwa sababu nilishikishwa kazi. Tulikwenda kwa kuku kwanza. Maji yao yalikuwa jiwe. Mama mkwe wako akagonga chombo ukingoni, likatoka bonge zima la barafu lenye umbo la chombo chenyewe, akatia maji mapya ya moto kidogo. Jogoo alikuwa amepakwa mafuta mazito kwenye kilemba chake chekundu kisije kikaungua kwa baridi. Banda limefungwa dhidi ya upepo lakini juu limeachwa tundu hewa itoke, kwani kuku huhimili baridi, unyevu ndio unaowadhuru. Yai moja nililitoa likiwa bado lina joto, nikalitia ndani ya glavu. Hebu fikiria mjukuu wangu akifanya hivyo kila asubuhi.

Kisha tukapita shambani. Mie nikauliza, kuna shamba gani hapa, mbona naona uwanda mtupu? Akafukua kwa mkono: theluji, chini yake majani makavu, na chini ya majani vitunguu saumu vilivyopandwa mwezi wa kumi. Vimelala. Ile hewa iliyomo ndani ya theluji ndiyo blanketi yao. Baridi kali inabaki juu, udongo chini haufikiwi. Watavivuna mwezi wa saba. Mimi nimelima maisha yangu yote, najua kungoja mvua. Sikujua kwamba kuna shamba linalolindwa na baridi lisiuliwe na baridi. Mwonyeshe mtoto hili, afukue mwenyewe kisha afunike.

Baba mkwe wako alikuwa akipasua kuni, na gogo lililoganda hupasuka kwa pigo moja. Mimi nilizibeba, nikapanga. Nilipata joto mpaka nikavua kofia, wakanikemea.

Na nyayo! Hili ndilo nililolipenda kuliko yote. Usiku unapita watu wamelala, asubuhi kila mnyama ameacha habari zake. Sungura miguu yake mikubwa ya nyuma inatangulia mbele ya ile midogo. Mbweha hutembea mstari mmoja ulionyooka. Paa wa kule alikuja mpaka kwenye mtofaa akasimama, akazunguka, akaondoka. Tulizifuata nyayo za sungura mpaka zikaishia chini ya kichaka. Mtoto wa miaka mitatu atafuata nyayo hizo mpaka achoke, na usiku utalala vizuri, wewe na yeye.

Toka mapema lakini. Mwezi wa kumi na mbili jua la kwenu linatua saa kumi na robo, wakati ambao huku watu ndio kwanza wametoka msikitini kusali Alasiri. Adhuhuri, Alasiri na Magharibi kwenu zinafukuzana. Mchana ni mfupi, basi utumieni.

Hivi nikuandikiavyo, hapa ni kaskazi kavu, ukuta wa dari umepata joto kali na babako analala juu kwenye makuti. Nikisimulia mambo ya kwenu, barazani wanacheka. Mzee mmoja ameapa kwamba hakuna kidimbwi duniani mtu anaweza kukitembea juu. Nikamwambia, wewe si wa kwanza. Rebmann, yule mmishenari wa Rabai, alipoandika kwamba ameona theluji Kilimanjaro mwaka 1848, wapo wataalamu wa Uingereza waliokataa katakata kwamba theluji yaweza kuwapo karibu na ikweta. Walikaa kwao wakabishana na mtu aliyekwenda akaona. Mzee akanyamaza, lakini sidhani ameridhika.

Na wewe umesahau ulivyolelewa. Mvua ya masika ikianza, nani alikuzuia? Mlikuwa mkikimbilia chini ya mfereji wa maji ya dari, mkasukumana, mkarudi mmelowa chapachapa na midomo imewabadilika rangi. Nilikuwa nawakausha kwa kanga, nawapa chai ya tangawizi, basi. Mtoto wako ana mvua yake, ni hiyo nyeupe. Chai ya tangawizi unajua kuipika.

Jambo la mwisho. Mwezi wa tatu, usiku ukiganda na mchana ukiyeyuka, wataanza kutoboa ile miti ya mepo, ambayo jani lake limo kwenye bendera ya Kanada. Mama mkwe wako alinionyesha matundu ya mwaka uliopita, yameanza kuziba. Wanagema kama mgema wetu anavyogema mnazi, ila wao hawapandi; maji matamu yanadondoka kwenye ndoo, kisha yanachemshwa kutwa nzima mpaka yawe shira. Lita 40 za maji hayo hutoa lita moja tu. Siku hiyo usikubali mtoto abaki ndani kwa sababu yoyote. Awe na kikombe chake, ayaonje yanavyotoka mtini kabla hayajapikwa, na umpige picha unitumie. Mwambie mama mkwe wako aniwekee chupa moja ya shira. Nitaila na vitumbua. Mimi nawawekea achari ya maembe, nikipata mtu anayesafiri.

Nijibu kwa barua, si kwa simu. Na uniambie mlitoka siku gani na mlifanya nini.

Wasalaam,
Mamako