Mwanangu, lango litafunguliwa na nani?

Kisauni, Mombasa

Mwanangu mpenzi,

Dada yako amenifikishia salamu zako, pamoja na habari ambayo hukutaka niipate, kwamba mhadhiri wenu amewaahidi kutangulia mbele ya maandamano tarehe 25 Juni na kuwaambia kuwa atakayebaki bwenini hajalielewa somo. Yaliyotokea Bungeni siku hiyo mwaka 2024, na vijana waliopigwa risasi, huna haja ya kusimuliwa nami. Sikuandikii kukukataza. Nauliza jambo moja tu: mtakapofukuzwa mkarudi chuoni mbio, lango litafunguliwa na nani?

Baada ya watu 148, wengi wao wanafunzi, kuuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015, sisi wazazi tulidai kuta, walinzi na ukaguzi kila mahali, nami nilikuwa miongoni mwa waliopaza sauti. Sasa ndipo ninapofikiri kwamba lango lililofungwa ili muuaji asiingie laweza pia kumfungia nje mtoto anayekimbia vitoza machozi. Je, mhadhiri wako amezungumza na walinzi? Ana orodha ya majina ya mtakaotoka?

Najua utanitajia Willy Mutunga, aliyetiwa kizuizini mwaka 1982 akiwa mhadhiri na mwaka 2011 akawa Jaji Mkuu, na Al-Amin Mazrui wa kwetu Pwani, aliyefungwa wakati huohuo. Nawaheshimu, kwa sababu waliyasema waliyoyaamini na wakayalipia wenyewe. Lakini Titus Adungosi, mwenyekiti wa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, alihukumiwa mwaka huohuo wa 1982 miaka 10 na akafia gerezani mwaka 1988, wala hakupata umri wa kuwa jaji wala mwalimu.

Habari za mjomba wako, aliyekuwa mwanafunzi wakati huohuo, unazijua, isipokuwa kwamba madaftari yake hayakuchukuliwa na askari kama tunavyosema siku zote. Niliyatia motoni mimi, jikoni kwa bibi yako, nikiwa na miaka 14, bila ya kumwuliza. Chuo kilipofunguliwa tena mwaka 1983 hakurudi, nami sijapata kumwuliza kama ni kwa ajili hiyo.

Uliponisomea Ibara ya 37 ya Katiba, ile ya haki ya kuandamana kwa amani, kwenye simu, nilijivuna hata nikamwita jirani asikilize. Hata hivyo, ulikosea kumficha mamako, na ulikosea zaidi kumpa dada yako mzigo wa siri hiyo. Lango, mwanangu. Liulizie kabla hamjatoka, na mwulize mhadhiri wako mbele ya wenzako, kwa adabu, atasimama wapi nyinyi mtakapokuwa mkikimbia.

Paa la jikoni limeanza kuvuja tena, na kabati la vitabu la mjomba wako limeingia mchwa, kwa hiyo vilivyosalia nimevihamishia chumbani kwako. Nimekutumia shilingi 2,000. Toa za vocha kwanza, simu isizimike. Fundi anakuja Jumamosi. Nipigie kabla ya tarehe 25 uniambie habari ya lango.

Mamako