Barua kwa mwanangu: kabla hujaruka Ziwa usiku

Ilemela, Mwanza

Mwanangu mpendwa,

Marahaba mama. Umeuliza kama fedha iliyobaki uiweke kwenye kuongeza saa za kuruka na leseni yako ya rubani binafsi, au uende moja kwa moja kwenye IR, yaani kibali cha kuruka kwa kusoma vipimo bila kuona nje. Nenda kwenye IR. Wenzako watakwambia faida yake ni kupita mawinguni na kupata ajira, na hawakosei, maana mashirika ya abiria hayatakuketisha mbele bila hiyo. Lakini kwa rubani wa ukanda huu wetu naiona faida kubwa zaidi kwenye usiku mkavu, usio na wingu hata moja, juu ya Ziwa.

Mwanza hadi Bukoba ni kama kilomita 175 kwa mstari ulionyooka, na sehemu kubwa ni maji. Wavuvi wa dagaa hutoka wakati wa giza, mwezi ukiwa haupo. Ukiwa juu, taa zao zinafanana na nyota, na nyota zilizo chini kabisa zinafanana na taa. Mstari kati ya maji na anga unapotea. Mitumbwi ikijipanga mshazari, macho yanaudhania mshazari ule kuwa ndio upeo, na mkono unailaza ndege ilingane nao bila wewe kujua.

Kinachofuata kinatoka sikioni. Ndani yake kuna mifereji mitatu yenye majimaji. Ukianza kona, majimaji yanabaki nyuma kidogo na ubongo unajua kwamba unageuka. Kona ikiendelea vilevile kwa sekunde 20 hivi, majimaji yanaufikia mwendo wa mfereji na hisia inazimika: unajiona umenyooka kabisa. Sasa ukiinyoosha ndege kweli, sikio linakuapia kwamba umelalia upande wa pili, nawe unairudisha kwenye kona ileile. Pua inashuka, mwendo unapanda, unavuta usukani, na kuvuta huko kunaikaza kona zaidi. Kwa hiyo shika mpangilio huu: punguza nguvu ya injini, nyoosha mabawa kwa kuangalia upeo bandia (kipimo kinachoonyesha jinsi ndege ilivyolala), ndipo unyanyue pua. Usianze na pua kamwe.

Mwaka 1954, Chuo Kikuu cha Illinois kule Marekani kiliwajaribu watu 20 wasiofundishwa kuruka kwa vipimo vya dashibodi, wakazuiwa kuona nje. Wote 20 walipoteza udhibiti, kwa wastani wa sekunde 178. Hazifiki dakika tatu.

Ili upate IR, kiwango cha ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ni saa 40 za kuruka kwa vipimo. Kati ya hizo, 20 zinaweza kufanyika ardhini, au hadi 30 ukitumia simuleta, mashine ya kuigiza kuruka. Najua simuleta ni nafuu, lakini ile iliyofungwa sakafuni hailidanganyi sikio. Saa za hewani usizibane. Mwombe mwalimu akubandikie karatasi juu ya upeo bandia na kionyesha uelekeo, kisha urushe kwa vilivyobaki. Kwenye ndege nyingi ndogo za zamani, gairo (magurudumu madogo yanayozunguka kwa kasi) za vipimo hivyo viwili huzungushwa na pampu ya kunyonya hewa. Pampu ikifa, gairo hazisimami papo hapo. Zinapunguza kasi, upeo unainama polepole, na rubani anainama nao. Ukiona upeo unasema umenyooka huku kipimo cha kona, ambacho mara nyingi ni cha umeme, pamoja na dira vinasema unageuka, waamini hao wawili. Hata pampu ikiwa nzima, linganisha kionyesha uelekeo na dira kila dakika 15, kwa sababu gairo huteleza.

Altimita, kipimo cha kimo, nayo ina mtego wake kwetu. Ziwa lenyewe liko kama futi 3,720 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo ukisoma 4,000 juu ya maji, una futi 280 tu chini yako. Ukiiwekea shinikizo la hewa la hektopaskali 1018 badala ya 1013, umejipa futi 150 za uongo, kwa kuwa kila hektopaskali ni karibu futi 30. Nusu ya nafasi yako imekwenda.

Mama, IR haikupi ruhusa ya kuingia kwenye dhoruba. Usiku pepo za nchi kavu hutoka pande zote na kukutana katikati ya Ziwa, hewa inapanda, na radi zinakuwa kali kuelekea alfajiri. Kaa mbali nazo maili 20 za baharini. Kama ndege haina rada ya hali ya hewa, usiingie wingu lolote linaloweza kuficha radi ndani yake, maana hutaziona. Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya abiria aina ya ATR 42 iliingia majini ikikaribia kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa, na kati ya watu 43, 19 walifariki. Ndege ya namna hiyo haiendeshwi na rubani asiye na IR.

Ukiipata, itumie, la sivyo itaota kutu. Marekani wanadai mikaribio sita ya kutua kwa vipimo ndani ya miezi sita, na hata usipobanwa na sheria yao, jiwekee hesabu hiyo.

Ukija likizo, njoo na kitabu chako cha saa. Kwa IR zinatakiwa saa 50 za safari ukiwa rubani mkuu, nataka tuzihesabu pamoja kabla hujalipa ada.

Baba yako