Risala ya darasa letu la jioni la kompyuta, Kondele

Mgeni wetu wa heshima, walimu wetu, wazazi na majirani, hamjambo nyote. Tumepewa dakika tano kwa hivyo tutaenda mbio kidogo, utuwie radhi.

Sisi ni watu kumi na mmoja. Hapa mbele yako kuna makanga wawili wa njia ya Busia, nesi, fundi cherehani, mwalimu wa nasari, na mimi ninayesoma hii karatasi nimeuza omena soko la Kibuye miaka tisa. Mdogo wetu ako na 27, mkubwa 46.

Wengi tuliingia tukidhani usalama wa mtandao ni kudukua tu, tukataka Kali Linux, ule mfumo wa kompyuta wenye zana za kudukua, siku ya kwanza. Mwalimu akakataa katakata, akasema funga laptopu, shika kalamu, andika 255 kwa sifuri na moja. Wiki tatu mheshimiwa! Wawili walitoroka. Lakini tulipofika kwa netiweki ndio tukaona alikuwa anatupeleka wapi, juu 255 ni moja nane zimepangwa mstari, na ukiona 255.255.255.0, ile namba ya kuonyesha ukubwa wa netiweki, unajua hapo hapo kuna anwani 256, za kupea mashine ni 254, mbili zina kazi yake. Mimi nilielewa kwa Kibuye: laini yenu ndio netiweki, meza yako ndio anwani, na poti ni vile vidirisha unauzia, 443 ni ya tovuti zenye kufuli, 22 ya fundi kuingia kwa seva akiwa mbali. Sasa wewe acha 22 wazi na paswadi ni admin123, halafu uje kulia.

Ata ile Julai 2023 eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, iliposhambuliwa ikakwama, sisi tuliona ni kama watu elfu wamejazana kwa meza yako na hakuna anayenunua, mteja wa ukweli atafikaje?

Kuna mwenzetu (hatumtaji, lakini anacheka) alianza kujaribu wifi ya jirani. Tukamsomea sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018, kuingia bila ruhusa ni faini hadi milioni tano ama jela miaka mitatu ama zote mbili. Aliacha jioni hiyo hiyo.

Maombi yetu si mengi. Tusaidie tupate atachimenti, yaani nafasi ya kujifunza kazi ofisini, kwa sababu mimi nimepeleka barua ofisi moja hapa mjini nikaambiwa mama hapa tunachukua vijana, na karatasi ata hawakufungua. La pili ni ram, ile kumbukumbu kompyuta hufanyia kazi. Laptopu nne zetu ziko na giga 4, ukifungua Linux ndani ya Windows unaweza enda kununua mandazi urudi.

Ile laptopu iko kwa dirisha tuliiwasha ukishuka kwa gari, ndio tukuonyeshe kazi yetu. Bado inafungua.