Swahiba, tabo kubwa usinunue

Kisauni, Mombasa

Swahiba wangu,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Sharjah. Sisi hatujambo. Mamako nilipita kumjulia hali Ijumaa baada ya swala. Goti limepungua kumuuma, na kaniagiza nikwambie umpigie simu mchana, usiku siku hizi hulala mapema.

Najua salamu utazipitia mbio uende kwenye gari. Haya, twende.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Umesema kwenye yadi za spea umekuta tabo kubwa, ile pampu ya kusukuma hewa injinini, kwa bei nzuri na unataka kuitia ndani ya sanduku na vitu vingine. Nakuomba usiinunue. Wema wako nimeuona, wala sitausahau. Nimekaa chini kukuandikia kwa sababu kwa simu ungenikatiza, na mimi nataka ujue nilichokikuta ndani ya injini ile.

Unakumbuka ilivyokuwa tulipoipata kule Bamburi, chini ya mkwaju, matairi yamelala, kioo cha nyuma hakionekani kwa majani. Subaru Impreza WRX ya 1997, bodi ya namba GC8. Mwaka ule ule Colin McRae alishinda Safari Rally na Impreza, na sisi tukakata picha gazetini, ile yenye bomba la kuvutia hewa lililopanda ubavuni mwa kioo cha mbele ili injini isinywe maji mitoni. Ya McRae ilikuwa ya milango miwili, hii ina minne, lakini siku ile chini ya mkwaju hakuna kati yetu aliyehesabu milango. Na unajua kwamba kuagiza nyingine haiwezekani. Gari iliyozidi miaka minane Kenya haiingii, kwa hivyo hizi zilizomo ndizo hizo hizo, na kila inayokufa idadi inapungua. Mimi nikiifungua naifungua nikijua hivyo.

Aliyetuuzia alisema "inagonga kidogo tu." Nilipomwaga oili niliichuja kwa kipande cha kanzu kuukuu, nikakianika juani. Kitambaa kilimeta chote, vumbi la shaba limetapakaa kama magamba ya samaki kwenye ubao wa mchuuzi. Hapo nilijua beringi za konrodi, ile mikono ya kuunganisha pistoni na krenki, zimekwisha. Halafu nikapima oili yenyewe: injini hii inataka lita 4 na nusu, na iliyotoka haikufika lita 3. Gari za tabo hunywa oili kidogo kidogo hata zikiwa nzima, na mwenye gari asipochomoa kile kijiti cha kupimia kila wiki, hajui mpaka asikie mlio.

Sasa, injini ya boksa, ambayo pistoni zake zimelala kushoto na kulia, haifunguliwi kama ile ya Corolla ya mjomba tuliyojifunzia. Krenki, ile shafti inayozungushwa na pistoni, haiko chini ya vifuniko. Bloku yenyewe ni nusu mbili, kushoto na kulia, na krenki imekaa katikati kama kokwa ndani ya tende. Lakini huwezi kuzitenganisha nusu hizo mpaka uchomoe pini za pistoni zote nne, na pini hizo hutolewa kwenye matundu madogo: mbili za mbele upande wa mbele wa bloku, mbili za nyuma upande wa klachi. Unaingiza koleo nyembamba tunduni, unaitafuta klipu bila kuiona vizuri, unaitoa, ndipo unaivuta pini. Ilinichukua siku mbili nzima.

Beringi ya silinda ya tatu nilipoitoa ilikuwa imeliwa. Ile safu ya kijivu ya juu haipo, shaba ya chini iko wazi, na krenki pale ina rangi ya zambarau ya moto. Na kwenye bomba la hewa ya tabo nilikuta kitu kidogo cha shaba chenye skrubu, bei yake si ya kutisha, kimefungwa kuidanganya tabo iendelee kusukuma hata pale kiwanda kilipotaka iachie. Basi. Mtu aliongeza hewa, petroli hakuiongeza, kompyuta hakuigusa. Na usisahau kompyuta ya gari hii iliandikiwa petroli ya Japani ya okteni 100, wakati super ya vituo vyetu haifiki hapo. Hewa ikizidi na okteni ikipungua, mchanganyiko unalipuka kabla ya wakati wake, pistoni ingali inapanda. Kila mlipuko wa namna ile ni nyundo juu ya beringi. Oili nayo haikuwepo ya kutosha kuitandikia nyundo ile godoro.

Ndiyo sababu nakwambia tabo kubwa hapana. Toka kiwandani ina nguvu za farasi 280, kiwango ambacho watengenezaji wa Japani walikubaliana wasikivuke. Barabara ya kwetu ya kutumia farasi hao wote iko wapi? Na ukitaka mfano, mfano tulikuwa nao mikononi tukiwa watoto. Safari Rally ya 1993 Patrick Njiru aliendesha Vivio, kigari cha Subaru chenye injini ya cc 660, akafika mwisho, wa kumi na mbili kwa jumla. McRae naye mwaka ule alikuwa na Vivio kama ile ile, akakimbia sana mwanzoni, na hakumaliza. Njiru nilikuwa nampenda kwa sababu ni Mkenya mwenzetu. Siku hizi nampenda zaidi kwa kuwa alijua gari yake inabeba nini na haibebi nini.

Kuna jambo limenitia uchungu na lazima nikwambie. Krenki niliipeleka kwa watu wa kuchonga hapa mjini, sitawataja. Waliipunguza milimita 0.25 kama ilivyo kawaida, wakanirudishia inang'aa. Kidogo niifunge. Lakini nilikuwa nimeazima maikromita kwa yule mzee wa gereji ya boti, nikapima kila shingo, pale konrodi inaposhika krenki, sehemu tatu: mwanzo, kati, mwisho. Shingo moja ilikuwa na tofauti ya 0.03 kutoka upande mmoja hadi mwingine. Imechongwa kama kigingi. Niliporudi nayo waliniambia itashika tu. Itashika! Pesa zangu hazikurudi, na wiki tatu zimepotea. Mwishowe nikapata krenki ya saizi ya kiwanda Nairobi, kule Grogan kwa wauza spea, iliyotoka kwenye injini iliyopasuka hedi, ikashushwa kwa basi imefungwa gunia. Niliipima kabla hata ya kumlipa kondakta chai yake. Shingo zote nne milimita 51.99. Siku hiyo nililala vizuri.

Kufunga ndiko kulikonifundisha subira. Ule uzi wa nta wa kupimia nafasi ya beringi unauweka juu ya shingo, unakaza boliti kwa spana ya kupimia mkazo, halafu unafungua tena uone umelazwa upana gani. Wangu ulisema 0.04, ndani ya kipimo. Kisha nusu mbili zikakutana, pistoni zikaingia kutoka juu, na kazi ikarudi kwenye yale matundu: kuisukuma pini ipite kwenye konrodi kwa ncha ya kidole iliyopakwa oili. Kijana wa jirani alinishikia tochi. Klipu ya silinda ya nne iliruka ikazama ndani ya bloku. Tulinyamaza wote wawili. Nikasema bismillahi, nikafunga sumaku ndogo kwenye waya wa baiskeli, na baada ya kama robo saa tukasikia *tik*. Yule mtoto alipiga kelele mpaka mama watoto akatoka jikoni.

Mkanda wa taiming usimruhusu mtu akufungie bila kumsimamia. Kamshafti, zile shafti za kufungua valvu, ziko nne, na zile za upande wa kushoto zimebanwa na springi za valvu, ukiachia zinaruka zenyewe na valvu zinaweza kugongana. Tena gia ya krenki ina alama mbili: mshale, na mstari mdogo kwenye ukingo wa nyuma. Ya kulinganisha ni mstari. Mshale umewaponza wengi.

Bodi nayo. Hewa ya bahari haina huruma na Subaru. Matao ya magurudumu ya nyuma yalikuwa puti tupu. Niligonga kwa kishikio cha bisibisi, kipande kikubwa kama sahani kikaanguka, na nyuma yake kutu inayomomonyoka kama kashata. Nimekata mpaka nikafikia chuma kizima, nikatia bati la geji 20, nikachomelea tone moja moja, huku nikasubiri lipoe kabla ya kutia tone jingine, maana ukichomelea mfululizo bati linajikunja. Kwa ndani nimepaka praima ya zinki, na juu yake nta. Pale zinapofungwa shokamzoba za nyuma kwa juu pazima, alhamdulillahi. Pangekuwa pameliwa ningeiacha gari.

Rangi najua tutabishana. Umeisema buluu tangu tuko darasani, na rimu za dhahabu. Swahiba, nilipoupiga msasa ule weusi wa chini ya gurudumu la akiba, ikatokea nyeupe. Nikaenda kwenye fremu za milango, nyeupe. Imezaliwa nyeupe hii gari. Mtu aliipaka nyeusi juu juu akaacha mpaka raba za vioo zimeshika rangi. Nimekaa na jambo hili siku nyingi na nimeamua irudi nyeupe. Rimu za dhahabu nakuachia wewe, hizo zinakaa juu ya nyeupe vizuri sana. Rangi yenyewe sitapuliza mpaka masika ipite. Hewa ikiwa na unyevu, rangi hukauka na wingu, na wingu haliondoki kwa kusugua.

Usidhani sitaki kabisa kubadilisha kitu. Radieta nimeweka ya aluminiamu yenye tumbo nene, kwa ajili ya foleni ya daraja la Nyali saa nane mchana. Nimetia geji ya presha ya oili na ya joto la oili, mbele ya macho ya dereva. Lile bomba la kunyonyea oili ndani ya sampu, karai la oili chini ya injini, ambalo kwenye injini hizi lina tabia ya kupata ufa pale lilipounganishwa, nimelibadilisha jipya. Mambo haya ukiwa nje huyaoni, na hayaongezi hata farasi mmoja.

Sasa sikiliza. Jumamosi usiku tulitoa plagi zote, nikachomoa fyuzi ya pampu ya petroli, tukapiga stata mpaka taa ya oili ikazima. Tukapumzisha betri. Tukarudisha plagi, na unajua plagi za Subaru zilivyojificha ubavuni, mkono wangu bado una alama. Nikarudisha fyuzi. Mara ya kwanza ilikohoa. Mara ya pili ikashika.

Mlio ule, swahiba. Unajua mabomba ya eksozi kutoka kwenye hedi hayalingani urefu, ndiyo maana milio inafika kwa kupishana. Kwa mbali ni kama msondo. Nilikuwa nimeinama juu ya boneti, macho kwenye geji, sikio kwenye silinda ya tatu, nikingoja ugongaji. Dakika tano, kumi, ishirini. Hakuna. Majirani walikuja wote na hakuna aliyelalamika. Mzee wa nyumba ya pili alisema alidhani ni lori la saruji.

Basi badala ya ile tabo, nitafutie hivi. Kwanza raba za milango na vioo. Milango hii vioo vyake havina fremu, na masika yakianza maji yataingia mpaka kwenye zulia. Angalia zisiwe zimekauka na jua la huko, zikunje kidole, zikipasuka ziache. Pili breki za mbele za pistoni nne, za WRX zinaingia.  Na ukiona ule mfuniko wa taa ya kushoto ambao haujawa na ukungu, uchukue. Kijana wa Mwembe Tayari anarudi kwa likizo kabla ya Ramadhani, amesema ana nafasi ya kilo kumi. Nitumie risiti, nitamkabidhi mamako fedha kama tulivyofanya mara ile.

Kilomita 500 za mwanzo nitaikanyaga kwa adabu. Nitakwenda Malindi na kurudi mara mbili, alfajiri, halafu nimwage oili niichuje tena kwa kitambaa cheupe. Kitambaa hicho nitakuhifadhia ukione mwenyewe. Kiti cha kushoto nimekirudishia boliti zake zote nne. Niambie unakuja lini.

Nduguyo wa daima