Kabla mkubwa hajaondoka

Mbagala, Dar es Salaam
29 Desemba 2024

Mama Mapacha, ndugu yangu,

Salamu nyingi kutoka huku kwetu. Sote wazima, joto tu ndilo linatumaliza. Ujumbe wako wa Krismasi niliupata: "Na mwaka huu tena hamji?" Nikakujibu kwamba kazi zimebana. Ni kweli zimebana, lakini nilikwambia nusu, na wewe si mtu wa kuambiwa nusu. Leo wenzangu wamekwenda kanisani, mimi nimebaki na cherehani na sare za watu. Nimeona niweke mkasi pembeni nikuandikie kwa kalamu, maana kwenye simu nikianza tu sauti itakwama. Barua atakuletea jirani yangu, anapanda huko Morogoro keshokutwa.

Unajua Machi baba watoto alipunguzwa kazini. Kiinua mgongo kilikuwa kidogo, masika hayajaisha kikawa kimekwisha. Sasa anaendesha bajaji ya mtu. Hesabu ni kila jioni, amepata abiria au hakupata, na mafuta na pancha ni juu yake. Juni mwenye nyumba akataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, nami nikaingia kwenye hii mikopo wanayoiita kausha damu. Kila Ijumaa rejesho. Ukichelewa siku moja wanakuja wanakaa barazani kwako, wateja wanawaona, wewe umeinamia cherehani hujui uangalie wapi. Niliumaliza mwezi wa kumi. Baba watoto hakunilaumu hata neno moja, na hilo sitalisahau.

Sasa nikwambie habari ya kibubu.

Mwezi wa nane, treni ya umeme ikiwa ndiyo kwanza imeanza, mtaani hakukuwa na hadithi nyingine. Fulani kaenda Moro asubuhi karudi jioni, fulani kafika Dodoma chai yake haijapoa. Wanangu wakawa wananisimulia vituo kama waliopita wenyewe: Pugu, Soga, Ruvu, Ngerengere. Nikanunua kibubu cha mbao pale sokoni. Kitinda mimba akachora treni juu yake kwa kalamu ya wino mwekundu, dirisha kwa dirisha, na kila dirisha kichwa cha mtu. Vichwa vitano. Nikawaambia, Desemba tunakwenda kwa Mama Mapacha, tutapanda mlimani mpaka Morningside, tutaoga maji ya mto. Nilisema hivyo mbele ya wote watatu.

Hesabu niliipiga mara ngapi sijui. Nauli ya kawaida mpaka Morogoro ni 13,000, na mtoto wa miaka 4 hadi 12 analipa nusu, 6,500. Mimi, baba yao na mkubwa ni watu wazima watatu, wadogo wawili ni nusu nusu. Jumla 52,000 kwenda, 104,000 kwenda na kurudi. Hapo bado daladala mpaka stesheni, bado huko tunakoshukia nje ya mji, bado chakula, maana sitakuja kwako na midomo mitano mikavu. Kwa mtu mwingine hiyo ni hela ya wikiendi moja. Kwetu ni meza nzima ya kazi.

Novemba mita ya umeme iliisha usiku, na mdogo alikuwa na homa. Nikatoa kisu nianze kuchokoa sarafu kwenye kile kitundu. Zinatoka moja moja, nyingine inakaa upande inagoma. Yule wa katikati akanitazama, akakaa chini, akaniambia, "Lete nichokoe mimi, mama, vidole vyangu vyembamba." Akachokoa taratibu, akipanga mia mia, mia mbili mbili, mpaka ikafika hela ya umeme na ya dawa. Kisha akakifuta vumbi kile kibubu akakirudisha juu ya kabati, upande wenye treni ukiangalia mbele. Hakuuliza safari itakuwaje. Hajauliza mpaka leo.

Mama Mapacha, mtoto akiomba unamkatalia, mnanuniana, mnasahau. Hawa wangu wameacha kuomba. Mkubwa ndiye aliyenimaliza. Tulipovunja kikoba Jumamosi ile ya tarehe 14, nilirudi na laki nne na kidogo, nikazipanga kitandani: kodi, madaftari, deni la vitambaa Kariakoo. Akasimama mlangoni akasema, "Ile safari tuiache tu, mama. Mimi sina shida nayo." Kasema kwa upole, kama ananipunguzia mzigo. Ana miaka kumi na saba. Agosti ndiye aliyekuwa ananitajia kwamba ukikaa upande fulani wa behewa utaiona milima ya Uluguru mapema kabla ya wenzako.

Nimemshonea suruali yake ya kwanza ya sekondari mwenyewe. Unajua sisi mafundi, mtoto anayekua tunamwachia pindo refu. Kidato cha pili nikafungua pindo, cha tatu nikafungua tena, cha nne nikamalizia. Juzi nimeitoa kabatini ili nimpunguzie wa jirani, nikaitandaza mezani. Kitambaa cha ndani ya pindo huwa hakioni jua, kwa hiyo kila nilipofungua pamebaki ukanda wenye rangi ya siku ya kwanza, wa chini ukiwa umekoza kuliko wote. Kanda tatu. Nikapitisha tepu, nikapata inchi nne na nusu. Kitambaa kimeisha, hakuna tena cha kufungua. Nilikaa nayo magotini, mteja akaja akabisha hodi mara mbili sijamsikia.

Amemaliza kidato cha nne mwezi uliopita, tunasubiri matokeo. Amesoma shule ya kata hapa hapa, hajawahi kulala nje ya nyumba yangu isipokuwa kwenye misiba. Mungu akijalia akachaguliwa kidato cha tano, Julai anaondoka, na huwezi jua watampangia wapi, Tabora, Songea, Bukoba. Baada ya hapo ni kidato cha sita, JKT, chuo, kazi. Atakuwa anakuja likizo kama mgeni, namchinjia kuku. Na huyu wa katikati anatimiza kumi na tatu mwezi Machi. Kwa treni atakuwa mtu mzima, nauli kamili. Nilipoliona hilo kwenye hesabu zangu nilicheka kwanza, halafu moyo ukanishuka. Nimekuwa nikisema tutakwenda mambo yakikaa sawa. Mambo yanajivuta, na watoto hawasubiri.

Unakumbuka baba alivyokuwa akipata nauli ya likizo serikalini? Haikuwa kila mwaka, lakini ikija, nyumba nzima haikai. Nyinyi mlikuwa mnakuja kutusindikiza stendi ya Msamvu, mama amebeba mikate na mayai ya kuchemsha kwenye kikapu. Tulikuwa tunakwenda kwa bibi Iringa tu, hatukwenda kustarehe popote. Lakini basi likiingia Mikumi baba anaacha kusinzia. Ile barabara inapita katikati ya hifadhi, na wanyama hawadai kiingilio ukiwa umekaa kwenye kiti chako cha basi. Anatugusa bega mmoja mmoja: "Kule, chini ya ule mti, usiangalie mbali." Na kweli, twiga. Ruaha Mbuyuni tunanunua vitunguu dirishani, Kitonga basi linapanda kwa kunguruma, mama anasali kimoyomoyo. Baba alikuwa mtu mkimya, hakuwahi kunikalisha akaniambia ananipenda. Mkono wake begani mwangu pale Mikumi naujua mpaka leo, uzito wake naujua.

Wanangu hawana kitu kama hicho. Wananijua nimeinama. Baba yao wanamjua akitoka alfajiri na akirudi amechoka. Wadogo hata Morogoro hawaijui. Tulipomzika mama mwaka 2019 mmoja alikuwa mgongoni na mwingine alikuwa analia njaa. Nyumba tuliyokulia ilikuwa ya serikali, leo wanaishi wengine, siwezi kusema nawapeleka kwetu. Mji kasoro bahari kwao ni hadithi ya mama. Nataka wakanyage wenyewe ile njia ya mlimani, wakutane na wale akina mama wanaoshuka na ndizi kichwani bila kushika kwa mkono, waingize miguu kwenye maji yale mpaka meno yagongane. Nataka siku mbili ambazo sitawaambia ngoja kidogo, nina kazi ya mtu.

Ndiyo maana nimekuandikia. Sikuombi hela, na nikijua umetuma nauli nitairudisha, usinikasirikie. Nimewaza hivi. Sare ndiyo mavuno yangu. Mwezi huu wote na Januari nashona usiku na mchana, shule zikifunguliwa kuna wale wazazi wa dakika ya mwisho, wanalipa bila kubishana bei. Kila sare kumi zikitoka, ya kumi na moja ni ya safari, hela yake haiingii mkobani wala kwenye kibubu, namkabidhi mama mchungaji anitunzie. Mpaka jana amefikisha 38,000. Nimempa na agizo: hata nikimfuata nikilia asinipe.

Tutakuja Ijumaa jioni, tarehe 31 Januari, Jumamosi tupande mlimani, Jumapili baada ya ibada turudi. Machi itakuwa haijafika, kwa hiyo wa katikati atakuja kwa nusu nauli yake ya mwisho. Baba watoto ameongea na mwenye bajaji, amekubali kumsamehe hesabu ya siku mbili. Wengine bado sijawaambia. Safari hii nitawaambia tiketi zikiwa mkononi.

Tutalala popote, hata mkeka sebuleni, watoto watapenda zaidi. Mchele na mafuta tutakuja navyo, usianze kuhangaika. Kama yule mzee aliyekuwa akitupitisha njia ya juu bado yupo, mwulize kama mvua hazijaiharibu.

Na mimi sitaki kuja mikono mitupu kwa wanao. Nina kitambaa kizuri cha maua madogo kilichobaki kwa mteja, kinatosha gauni mbili. Mara ya mwisho nimewaona mapacha walikuwa wanafika kiunoni kwako, leo sijui. Wapime, unitumie kwa simu: kifua, kiuno, bega kwa bega, na urefu kutoka begani mpaka chini ya goti. Usiwakadirie kwa macho, tumia tepu. Pindo nitawaachia mimi.

Msalimie shemeji, na mama mkwe shikamoo yake.

Mwenzako wa Msamvu